Mwite Moses

Darasa la Dina lilikuwa stoo ya misumari. Mzee Gulamhussein, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Singida, alikuwa amewapangisha Dina na kaka yake Moses chumba cha nyuma ya duka, na ingawa misumari ilihamishwa, harufu ya chuma na grisi haikuhama. Humo ndimo Dina alimofundisha watu kuandika programu za kompyuta. Wanafunzi wake hawakuwa watoto wa shule. Walikuwa watu wazima wenye shughuli zao: muuza mbegu wa sokoni, karani wa zahanati, Alifiya binti wa mwenye duka, na Stumai, ambaye alikuja kila wiki kutoka Ulemo. Baba yake Stumai alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na binti alitaka kompyuta ndiyo ijue gunia la nani limeingia na mafuta ya nani yametoka, ili wateja waache kugombana mlangoni.

Dina alifundisha, Moses aliandaa. Ndivyo walivyogawana kazi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani ukishakuwa na kompyuta, basi, umefika. Hujafika. Kuna kihariri, yaani programu ya kuandikia programu nyingine, na kihariri peke yake ni jiko lisilo na kuni. Lazima iwepo lugha yenyewe ya kuandikia, viwepo vifaa vya kuikagua kazi, na kila kimoja kielezwe mwenzake anakaa wapi ndani ya mashine. Kimoja kikielezwa vibaya, vyote vinagoma, na skrini inajaa maneno mekundu ya Kiingereza. Waliotengeneza vitu hivi wameandika kurasa na kurasa za maelekezo, na karibu kila ukurasa unaanza kwa kukuhakikishia kwamba ni rahisi. Waje basi waufanye urahisi huo kwa laptopu ya mtumba, kwa bando la intaneti linaloisha katikati, siku ambayo umeme unakwenda na kurudi utakavyo wenyewe.

Moses aliuweza. Alikaa mbele ya mashine ya mtu, akakunja mikono ya shati, akaanza, na vidole vyake havikusimama mpaka kazi imekwisha. Ukisogea kuangalia anavyofanya, alikwambia, "Hii niachie mimi." Hakusema kwa ubaya. Akimaliza, aliinuka, akamgeuzia mwenye mashine kiti na kumwambia maneno yaleyale siku zote: "Haya, kaa ufanye kazi."

Kwa hiyo jina lake likawa jibu. Kihariri kimegoma? Mwite Moses. Kilikuwa kinafanya kazi jana, leo hakifanyi? Mwite Moses. Alikwenda Ihanja, alikwenda Ulemo, alikwenda mpaka Itigi kwa pikipiki yake, mkoba mgongoni, na hakuna siku aliyokataa. Nyumbani kwao Unyambwa, simu ilipoita tu, mama yao Rebeka aliuliza kutoka jikoni, "Wanamwita?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayelijua jibu na kulipenda. Mwanawe alikuwa anahitajika na watu. Mzazi gani hafurahi?

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno ya alizeti, laptopu ya Stumai ilijisasisha yenyewe, na asubuhi kihariri kikawa hakiioni tena lugha. Stumai akapiga simu. Moses alijaribu kumwelekeza akiwa palepale stoo, Dina anasikia: fungua pale, shuka chini, unaona nini? Stumai akawa anasoma herufi mojamoja, maneno asiyoyajua, anapotea, anarudi mwanzo. Mwishowe Moses alicheka. "Acha tu, Stumai. Nakuja."

Alikuwa karibu kufika. Lori lililojaa magunia lilikwepa shimo likahamia upande wake wa barabara, na Moses hakuwa na pa kwenda.

Watu walijaa msibani mpaka nje ya uzio, na wengi wao Dina hakuwajua. Kila mmoja alikuwa na habari ya siku Moses alipomtengenezea mashine. Stumai naye alikuja na mama yake, kanga ameivuta mpaka usoni. Alipiga magoti kwa mama Rebeka, na mama akamwekea mkono kichwani wakalia pamoja. Kisha akamsogelea Dina.

"Pole, dada."

Dina alitikisa kichwa. Hakumpa mkono, wala hakusema asante. Waliokaa karibu waliona, na Stumai aliona kuliko wote. Tangu hapo hakukanyaga tena stoo, na ikasikika kwamba laptopu ameifunga kwenye kitenge na kuisukuma chini ya kitanda. Dina alijua vizuri kwamba aliyekuwa akiendesha lile lori si Stumai. Alijua, na bado moyo wake ulirudi palepale kila alipolala na kila alipoamka: laiti asingepiga simu.

Siku ya kuanua matanga walikaa kugawana vitu vya marehemu. Katika ukoo wao nguo za aliyekufa hazigawiwi hivihivi. Hufuliwa kwanza, zikaanikwa juani, jasho la mwenyewe likatoka, ndipo mwingine akapewa avae bila moyo kushtuka. Msimamizi alikuwa baba mdogo Samweli, mtu wa taratibu, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Shati lilikwenda kwa huyu, koti kwa yule. Ilipofika zamu ya laptopu, wote walisema ni ya Dina. Samweli aliileta mwenyewe kwa mikono miwili, imefungwa ndani ya taulo jipya.

"Mwanangu, na hii nimeisafisha," alisema. "Nimeipeleka kwa fundi pale stendi, ameipiga windows upya. Haina kitu chochote cha marehemu. Itumie kwa amani."

Dina aliifungua palepale, watu wakimtazama. Ilikuwa mpya, tupu, kama imetoka kiwandani. Yote aliyokusanya Moses kwa miaka, vifaa alivyovihifadhi ili visishushwe tena kwa intaneti, mipangilio ya mashine za kila aina, vijiprogramu vyake vya kufupisha kazi, vilikuwa vimekwenda. Nakala hakuwa ameweka popote. Aliyekuwa anaitwa kila siku, nakala ya nini? Alikuwa nayo kichwani.

Alimtazama baba yake mdogo. Macho ya mzee yalikuwa mekundu, na mikono yake ilikuwa bado imenyooka, kana kwamba laptopu ilikuwa juu yake. Alikuwa amefanya alichofundishwa kumfanyia mfiwa, amelipa fundi na kutafuta taulo jipya.

"Asante, baba mdogo," Dina alisema.

Shukrani aliyomnyima binti wa watu aliyekuja kumpa pole, aliitoa hapo kwa aliyefuta kazi yote ya kaka yake. Jambo hilo lilimkaa rohoni, ingawa hakulitamkia mtu.

Darasa lilipofunguliwa tena, mashine zilianza kugoma moja baada ya nyingine, maana hazijui kwamba kuna msiba. Muuza mbegu alitazama maneno mekundu, akageuza shingo kama alivyozoea, akasema, "Mwite..." kisha akaifunga laptopu. Siku hiyo walivunja darasa mapema. Wiki iliyofuata karani wa zahanati hakuja. Kama mambo yangeendelea hivyo, stoo ingerudi kuwa ya misumari kabla ya mvua.

Basi Dina akakaa kujifunza alichoachiwa kaka yake miaka yote. Alisoma zile kurasa zinazodai ni rahisi. Alikosea, akafuta, akaanza upya, akamaliza bando, akanunua jingine. Na alivyozidi kuelewa, kitu kingine kilianza kumpanda kifuani. Kazi hii haikuwa na siri yoyote. Mtu angeweza kuifanya mara moja tu, kwa utulivu, akaifungasha yote katika folda moja, na kompyuta ikajiandaa yenyewe bila intaneti na bila mtu. Wengine duniani walikuwa wanafanya hivyo. Na kama yeye mwalimu wa stoo aliliona ndani ya wiki chache, Moses alikuwa ameliona zamani.

Aliliona na hakulifanya. Alipenda kuitwa.

Dina alimkasirikia marehemu, jambo ambalo watu wa kwao hawalisemi kwa sauti. Alimkasirikia kwa yale "niachie mimi" yake yote. Kisha hasira ikageuka, ikamrudia mwenyewe, kwa sababu ni yeye aliyemwachia. Ilimfaa. Alifundisha mikono misafi huku mwingine akihangaika na pikipiki. Folda ile ingekuwepo, Stumai angebonyeza mara moja tu pale Ulemo, na Moses siku hiyo angekuwa stoo anakunywa chai na kulalamika kwamba haina sukari. Dina aliweka kichwa mezani, akalia kama ambavyo hakulia msibani.

Alifiya alimkuta hivyo, mbele yake programu ya kuandaa mashine aliyokuwa ameanza kuiandika. Alirudisha mlango, akaenda, akarudi na chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi, akakaa.

"Hicho unachotengeneza, nijaribishie mimi," alisema. "Mimi kwenye mambo hayo ni bure kabisa, unanijua. Nikiweza mimi, ataweza kila mtu."

Wakafanya hivyo. Alifiya alikaa mbele ya laptopu ya marehemu, ile iliyosafishwa, maana kwa kazi hii utupu wake ndio uliohitajika. Dina alikaa nyuma yake akiwa amejikataza kusema, na kwa kuwa ulimi wake ulisikia na mikono yake haikusikia, aliikalia. Kila Alifiya alipokwama, Dina aliona vidole vyake vinataka kuruka kwenda kwenye kibodi na kumaliza jambo lenyewe mara moja. Ndipo alipomwelewa kaka yake kidogo. Ni tamu, kumwondolea mtu shida huku anakutazama.

"Inasema njia haikupatikana," Alifiya alisema. "Njia ya kwenda wapi?"

Dina alirudi akaifundisha ile programu kuzungumza. Sasa ilisema: Sijaiona lugha kwenye kompyuta hii. Usijali, naiweka. Mara nyingine ilikwama kwa sababu mashine haikuwa na nafasi, na haikusema chochote, ikakaa kimya tu. Dina akaiongezea maneno ya kumweleza mtu kwamba nafasi haitoshi, na afute nini kwanza. Walipotaka kuijua tabia yake umeme ukikatika, walitoa betri, Alifiya akazima swichi ya ukutani katikati ya kazi, na kumbe swichi hiyo ilishika na duka. Mzee Gulamhussein alikuja mbiombio na mteja nyuma yake, akasikiliza maelezo, akashindwa kuyaelewa, akaenda zake. Programu ilipowashwa ilianza upya tangu mwanzo, kama haijawahi kufanya kitu. Dina aliivunja akaijenga tena, mpaka ikaweza kukumbuka ilipoachia.

Kikabaki kitu kimoja. Kazi ikiisha, mashine iseme nini? Dina aliandika Hongera, akafuta. Aliandika Tayari, akafuta. Mwishowe aliandika alichokuwa anakiepuka, akasogea pembeni. Alifiya alianza tena tangu mwanzo, akabonyeza palipoandikwa Anza, akasubiri, akajibu swali la jina lake, akasubiri tena. Skrini ikatulia, kihariri kikafunguka kikiwa kamili, na juu yake pakatokea maneno: Haya, kaa ufanye kazi.

Alifiya alivuta ncha ya mtandio akajifuta macho. "Niyaache?" Dina aliuliza.

"Yaache," alisema Alifiya. "Aliyemjua atamsikia. Asiyemjua ataona ni maneno tu."

Wanafunzi wa mjini walipewa ile programu, na mashine zao zikapona. Karani wa zahanati alirudi. Muuza mbegu alimwandalia laptopu shemeji yake peke yake na akajivuna nayo wiki nzima. Lakini Dina hakuwa ameitengeneza kwa ajili yao, na alijua. Alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya mashine moja iliyofungwa kwenye kitenge, chini ya kitanda, Ulemo. Kama ile haikufunguliwa, basi mengine yote yalikuwa tu ya kumpata fundi mwingine badala ya Moses. Alichelewa kupiga simu. Kila siku alijiambia kesho. Siku alipopiga, Stumai alipokea.

"Stumai, ni Dina."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Laptopu yako iko wapi?"

"Ipo. Siigusi."

"Nakutumia flashi kwa konda wa basi. Uichomeke, ubonyeze palipoandikwa Anza. Basi."

"Nikikwama?"

"Soma inachokwambia, imeandikwa Kiswahili. Ikikushinda kabisa, funga ukapike. Mimi nitarekebisha hukuhuku nikutumie nyingine. Hakuna mtu atakayekuja, Stumai. Hakuna haja ya mtu kuja."

Upande wa pili Dina alisikia mashine ya alizeti ikinguruma mbali. Akalazimisha yaliyobaki yatoke.

"Siku ile ulinipa pole, sikuipokea. Naipokea leo. Asante."

"Dada, mimi ndiye niliyempigia."

"Ulipiga kwa sababu hatukukupa namna nyingine. Tuliifanya kazi ikawa ya kumwita mtu. Hilo ni la kwangu na Moses, si la kwako. Usilibebe."

Simu ilikatika, au ilikatwa.

Konda alithibitisha kwamba mzigo umechukuliwa. Baada ya hapo, kimya. Dina alifundisha, alirudi nyumbani, aliweka simu mahali pa kuonekana, na simu ilikaa. Hakutaka kumsukuma. Alijiambia binti ana haki ya kuiacha laptopu chini ya kitanda maisha yake yote akitaka. Alijiambia hivyo na hakulala vizuri.

Jumamosi upepo ulivuma Unyambwa tangu asubuhi, upepo wetu huu ambao hauombi ruhusa, na mama Rebeka alitoka nao uani kupepeta uwele. Alikuwa amepungua tangu msiba. Ungo ulipanda na kushuka, makapi yakaenda upande wa mawe makubwa yaliyoko nyuma ya nyumba, na yeye hakuyatazama. Dina alikuwa karibu naye anachambua mlenda. Simu ikaita.

"Dada," Stumai alisema. "Imekubali."

Dina alisimama bila kujua kwamba amesimama. "Wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe. Hata umeme ulikatika katikati na betri yangu ilishakufa. Uliporudi, ikaniambia tuliishia hapa, ikaendelea. Halafu mwisho imeandika yale maneno ya Moses."

"Ndiyo."

"Nilitoka nje kwanza. Sikuweza kuyatazama. Baba akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna. Sasa nimerudi. Nimekaa, dada. Nafanya kazi."

Dina aliitikia, "Haya," akaifunga simu akaiweka kifuani. Barabara ya Ulemo ilikuwa kulekule na malori yake na mashimo yake, na leo hapakuwa na mtu wa kwao juu yake. Aligeuka, akakuta ungo umesimama. Mama alikuwa akimtazama.

"Wanamwita?" mama aliuliza.

Swali hilo halikuwa limesikika katika nyumba ile tangu walipomzika. Labda lilimtoka kwa mazoea tu. Dina alimsogelea, akapiga magoti kando ya mkeka.

"Hapana, mama. Ni Stumai wa Ulemo. Kompyuta yake ilikuwa imegoma, ameitengeneza mwenyewe. Hawamwiti tena."

Mama Rebeka aliupitisha mkono juu ya uwele, taratibu, kama anausawazisha.

"Basi apumzike," alisema.

Akauinua ungo, akausubiri upepo, akaendelea kupepeta.